Sakafu Iliyopigwa Pasi

Ndugu msomaji, ukiingia nyumbani kwetu leo utakuta sakafu ya saruji tupu, yenye mabaka meusi ya gundi ambayo hayakutoka hata kwa tindo. Usiulize kwa nini hatukuifunika tena. Vuta kiti ukae, nikueleze. Habari hii si tamu kuisimulia, lakini nimeanza kusahau vitu vidogo, kama sauti ya mama mkwe wangu akicheka, na naogopa siku moja nitasahau na vile vikubwa. Ndiyo maana naandika.

Tulikuwa watu wanne. Mume wangu alikuwa fundi wa sakafu. Mtaani walimwita Kesho, na jina hilo hawakumpa kwa heshima. Mafundi wengi husema kesho kwa sababu wameshika kazi tatu kwa mpigo. Yeye alisema kesho kwa sababu sakafu bado mbichi. Mteja angesimama mlangoni, mikono kiunoni, amuulize, "Fundi, unaweka lini?" Naye akiwa amepiga magoti, shavu limegusa saruji, anachungulia kama mwanga unapenya chini ya rula yake ndefu ya alumini, angejibu bila kuinua kichwa:

"Kesho. Akikubali mwenyewe."

"Mwenyewe nani? Mwenye nyumba si mimi?"

"Mwenyewe sakafu."

Alikuwa na utaratibu wake. Kabla ya kubandika chochote juu ya saruji, iwe mbao au vile vipande vya plastiki vinavyofanana na mbao ambavyo watu huviita vinaili, alikata nailoni inayoonyesha, pana kama sinia, akaibandika sakafuni kwa selotepu pande zote nne. Selotepu aliichana kwa meno. Mkasi, alisema, ni wa fundi cherehani. Juu ya nailoni aliandika tarehe na nyumba kwa kalamu nene, kisha akaondoka. Baada ya siku tatu alirudi kuangalia. Akikuta matone kwa chini, kama yale ya kwenye mfuniko wa sufuria, au saruji imegeuka nyeusi pale ilipofunikwa, hakubandika. Ungelia, ungemtukana, ungemwita fundi mwingine, yeye angekunja vifaa vyake na kusema kesho. Na kila nailoni aliyoibandua aliikunja pamoja na selotepu yake na kuihifadhi kwenye ndoo tupu ya rangi, chini ya kitanda chetu.

"Wenzangu wana vyeti vya chuo," aliniambia. "Mimi vyeti vyangu ndivyo hivi."

Mama yake tuliishi naye. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu kwa mtoto wa jicho, akawa anaona mwanga na vivuli tu. Lakini ndani ya nyumba hakushikwa mkono na mtu. Alitembea pekupeku, akiburuza nyayo, na sakafu yetu ya saruji ilikuwa na ufa mmoja mrefu ulioanzia karibu na chumba chake, ukapita sebuleni hadi mlango wa bafu. Hatua tano kutoka kitandani alikuwa ameukanyaga ufa, kisha anaufuata kwa kidole gumba cha mguu kama mtu anayefuata kamba. Nakumbuka alasiri moja mume wangu alikuwa amerudi mapema, anaosha vifaa vyake uani, binti yetu anamsuka bibi yake, mimi nakunja nguo. Mume wangu akasema, "Mama, nimeziba nyufa za mji mzima, huu wa kwangu unanicheka. Nitauziba."

"Usiuguse," mama akamjibu. "Wenzangu wana barabara. Mimi nina ufa."

Tukacheka sote. Hiyo ndiyo alasiri ninayoirudia kichwani mara nyingi kuliko zote.

Wiki iliyofuata bomba la maji lililopita chini ya sakafu, karibu na mlango wa bafu, lilipasuka. Mume wangu alivunja saruji, akatoa bomba bovu, akaweka jipya, akamwaga zege kuanzia kwenye mlango wa bafu hadi katikati ya sebule, kando ya ule ufa. Kazi nzuri. Lakini sasa sebule ilikuwa na kiraka kikubwa cha rangi nyingine, kama suruali ya mvulana mtundu. Na siku tatu baada ya zege kumwagwa, binti yetu aliniletea habari akiwa ameinamisha uso: wazazi wa kijana aliyetaka kumuoa wangekuja kututembelea. Jumapili ya tatu kutoka siku ile.

Naomba unielewe, ingawa sikuombi unionee huruma. Kijana yule alitoka kwenye nyumba yenye geti. Mimi nilikuwa nimeiona sebule yao, nimeona sakafu inayong'aa hadi unauona uso wako. Dada yangu mkubwa, ambaye ulimi wake hauna breki, alikuja kunisaidia kupanga mambo ya wageni, akasimama juu ya kile kiraka na kukikanyagakanyaga kwa kisigino.

"Kwa hiyo hapa ndipo watakapokaa wakwe?" akaniuliza. "Mke wa fundi wa sakafu. Ama kweli kinyozi hajinyoi."

"Ataweka vinaili. Vimebaki kwenye kazi ya ofisini, wamempa."

"Lini?"

Nikashika ufagio nikaanza kufagia.

"Usijibu, najua. Kesho." Akacheka mpaka akashika ukuta. "Binti yako ataolewa kesho, atazaa kesho, na wewe utazikwa kesho."

Maneno yale yaliniingia kama mwiba. Mume wangu aliporudi sikumpa hata nafasi ya kuvua viatu.

"Baba, Jumapili ile wageni wakifika nataka wakute sakafu imefunikwa."

"Zege halijafika hata wiki," akasema. "Zege jipya ni kama kidonda, mke wangu. Juu linakauka mapema ukadhani limepona, chini bado bichi. Lipe mwezi."

"Mwezi hatuna."

"Basi watakaa juu ya saruji. Sisi tumekaa juu yake miaka yote, tumeota mkia?"

"Ni mtoto wako mmoja," nikamwambia. "Umetengeneza sakafu za watu usiowajua. Hii moja tu, ya mtoto wako, unashindwa kuharakisha?"

Hakupenda neno lile. Alivua kiatu kimoja, akabaki ameshika kingine. Mwishowe akasema, "Nitafungua madirisha, nitaliacha lipumue mpaka wiki ile ya wageni. Jumatatu yake nitatega nailoni. Alhamisi nitaiangalia. Ikiwa kavu, naweka Ijumaa na Jumamosi. Ikiwa na maji, usinisemeshe tena habari ya sakafu. Tumekubaliana?"

Tukakubaliana. Aliiachia sakafu ihukumu, nami niliona ni haki.

Jumatatu ile akatega nailoni juu ya kiraka, na Alhamisi akaenda kwanza kazini. Binti yetu hakuwepo. Mama alikuwa amelala chumbani. Mchana nilipiga magoti kwenye kiraka nikaichungulia ile nailoni, na kwa chini niliona matone. Si mengi. Madogo madogo, kama jasho kwenye mdomo wa juu wa mtu mwenye homa. Na saruji pale chini ilikuwa imegeuka nyeusi kuliko pembeni.

Nilikaa pale sakafuni nikamwona dada yangu akicheka. Nikamwona mama wa yule kijana akiinua pindo la gauni lake ili lisiguse kiraka. Nikajiambia, matone haya ni machache. Nikajiambia, mume wangu anazidisha, watu wanabandika bila kutega nailoni na nyumba zao hazijaanguka. Kila kosa kubwa nililowahi kulisikia lilianza na mtu akijiambia maneno kama hayo.

Nilibandua selotepu pande tatu, nikapangusa matone kwa kitambaa. Weusi wa saruji haukutoka. Basi nikaleta pasi. Nilitandika kitambaa cha pamba, nikaipiga pasi sakafu ya nyumba yangu kama ninavyopiga kola ya shati, huku na huku, na mvuke ukapanda usoni pangu. Ucheke ukitaka. Hata mimi nilicheka kidogo, peke yangu, nikiwaza nitakavyomsimulia binti yangu siku moja akiwa na nyumba yake. Saruji ikarudi kuwa ya kijivu. Selotepu ya zamani haikushika tena, nikachukua mpya kwenye sanduku la mume wangu, nikaikata vizuri, nikaibandika palepale, nailoni ileile yenye mwandiko wake.

Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba chake. "Mkamwana, unapiga pasi chini?"

"Nimetandika blanketi, mama. Meza imejaa vyombo."

Alasiri mume wangu aliporudi alikwenda moja kwa moja kwenye kiraka. Nilikuwa jikoni, nimegeuza mgongo, masikio yote yako sebuleni. Nikamsikia akibandua selotepu. Kisha akasema, "Ajabu. Pakavu." Halafu tena, "Mbona pana joto hapa?"

"Nilikuwa napiga pasi," nikamjibu.

Unaona jinsi nilivyokuwa mjanja? Sikumwambia hata neno moja la uongo.

Siku mbili hizo alifanya kazi kama anavyofanya kwa mteja anayelipa vizuri, hata zaidi. Alikwangua nta ya zamani yote. Alifagia, akapangusa, akafagia tena, kwa sababu, alisema, punje moja ya mchanga chini ya vinaili itaonekana juu kama jipu. Palipobonyea alimimina saruji laini ya kusawazisha, ile inayokauka kwa saa chache. Na ule ufa aliuziba. Mama alisikia kisu cha kuzibia kikikwaruza, akatoka.

"Umenifutia njia yangu, mwanangu."

"Nitakushika mkono mpaka uizoee mpya, mama."

"Utanishika mkono ukiwa kazini?"

Alibandika kipande kwa kipande mpaka Jumamosi jioni. Ilipendeza. Siwezi kukataa, ilipendeza sana. Jumapili wageni walikuja, wakavua viatu wenyewe mlangoni bila kuambiwa. Mama wa kijana aliisifu sakafu mara mbili, mara ya pili akaniuliza fundi ni nani, nikamwonyesha mume wangu kwa kidevu, naye akatazama chini kwa aibu ya furaha. Dada yangu alikuwepo. Nilimtazama. Hakusema kitu. Nilishinda, ndugu msomaji. Kwa muda wa alasiri moja nilishinda.

Wageni wakaondoka. Binti yetu akaolewa, akahamia kwa mume wake. Tukabaki sisi watatu na sakafu yetu.

Wa kwanza kujua alikuwa mama. Asubuhi moja aliniita karibu na mlango wa bafu, akasimama akisugua unyayo wake mahali pamoja.

"Mkamwana, sakafu hii inatoka jasho."

"Ni baridi ya asubuhi tu, mama."

"Mimi nyayo zangu ndizo macho yangu. Mwambie mwenzio."

Sikumwambia. Kisha ikaja harufu, kama ya kitambaa kilichosahaulika ndani ya ndoo. Nikanunua sabuni yenye manukato. Kisha kipande kimoja mbele ya mlango wa bafu kikaanza kujikunja pembe, kikainuka upana wa kidole. Mume wangu wakati ule alikuwa na kazi mbali, ukumbi mkubwa, alilala hukohuko wiki mbili. Nilikikanyaga kipande kile kikarudi chini, nikiondoa mguu kinainuka. Nikajiambia, akirudi nitamweleza yote. Kwa sasa, ili kisionekane, nilitandika juu yake zulia dogo la kufutia miguu.

Nilifunika kilichokuwa kimefunika. Sikumwambia mama kwamba pale pana zulia. Nilisahau. Katika yote niliyoyafanya hilo ndilo pekee ambalo sikulikusudia, na ndilo lililomwangusha.

Nilikuwa uani nikianika nguo. Nilisikia kishindo, halafu sauti yake, si ya kupiga kelele, kama mtu aliyeshangaa tu: "Aa." Nilimkuta amelala ubavu, kidole cha mguu kimenasa kwenye pindo la zulia, na ile pembe ya vinaili imesimama kama ulimi.

Nyonga ilivunjika. Hospitalini walisema kwa umri wake hawawezi kumpasua mara moja, wasubiri kwanza apate nguvu. Nguvu hazikuja. Alilala chali siku baada ya siku, kifua kikaanza kukoroma, mapafu yakajaa. Mume wangu alirudi siku ya pili, akakaa kando ya kitanda chake amemshika mkono, kama alivyoahidi.

"Ni sakafu yangu, mama," akamwambia. "Ni mimi."

"Sakafu yako haina kosa," mama akasema. "Mimi ndiye sina macho." Kisha akageuza uso upande wangu, akanitazama kwa yale macho yasiyoona. "Mkamwana alikuambia ile habari ya jasho?"

Mume wangu akanigeukia. Nikasema, "Nilidhani ni baridi."

Mama alikaa wiki tatu, akatuacha.

Siku moja baada ya msiba mume wangu aliing'oa sakafu yote. Sikumsaidia, nilisimama mlangoni. Kila kipande alichokivuta kilitoka na sauti ya kunyonya, na chini yake gundi ilikuwa imeyeyuka kama uji mweusi, imeota ukungu wa madoadoa. Alichovya kidole, akanusa. Alikagua bomba, akakuta halivuji. Akakaa chini akanung'unika, akihesabu kwa vidole, "Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Nilitega. Nilitega siku tatu."

Kisha akaenda chumbani, akaivuta ile ndoo ya rangi kutoka chini ya kitanda, akaipekua mpaka akaipata nailoni ya nyumba yetu. Akatoka nayo akakaa kwenye ngazi ya mlango wa nje. Alikaa nayo muda mrefu, ameiinua kwenye mwanga, anaigeuza. Nilidhani anasoma tarehe. Halafu akaikunja akairudisha ndani ya ndoo, akaja jikoni, akanitazama kama mtu anayesubiri chai.

Nikampa chai.

Binti yetu alikuja siku zile. Alikuwa amempenda bibi yake kuliko sisi wote. Alisimama katikati ya sebule iliyong'olewa, akamuuliza baba yake, "Baba, sakafu za watu unazipima siku tatu. Yetu ulishindwa?"

Mimi nilikuwa naosha vyombo. Niliosha sahani moja, nikaisuuza, nikaiosha tena.

"Nilikosea, mwanangu," baba yake akamjibu. "Kazi ilikuwa yangu."

Msichana akaondoka analia, na kwa miaka mingi alikuja kutusalimia akiwa na haraka, akikaa ukingoni mwa kiti, akizungumza na baba yake kama anavyozungumza na jirani.

Mtaani maneno yalisambaa. Fundi wa sakafu, sakafu yake mwenyewe imemuua mama yake. Wateja walipungua, lakini hicho sicho kilichomvunja. Alivunjika kwa namna nyingine. Alitega nailoni kwa mteja, siku ya tatu akaikuta kavu, akaiacha siku tatu nyingine. Akaikuta kavu, akaiacha tena. Alipiga magoti akaipapasa sakafu kwa kiganja, kwa shavu, kwa unyayo, na hakuweza kulitamka neno "pakavu". Zamani alisema kesho akiwa na uhakika. Sasa alisema kesho akiwa na hofu. Mwishowe aliigawa rula yake ya alumini, akagawa tindo na mwiko, akawa anakaa kwenye ngazi ya mlango akitazama wapita njia. Kilichobaki kwake ni ile ndoo ya rangi, hakumpa mtu.

Nami? Nilikuwa nikimpikia. Nilikuwa nikimfulia. Kila asubuhi nilijiambia leo nitasema, nikimwona ameinama anakunywa chai yake nikasema moyoni, apumzike leo. Ulimi wangu ulikuwa mzito kama zege lenyewe. Tuliishi hivyo miaka sita, watu wawili katika nyumba yenye sakafu tupu, na kati yetu pamefunikwa.

Mwaka wa sita kifua chake kikakataa. Vumbi la saruji la miaka thelathini. Alilazwa. Jumatatu moja alasiri, saa ya kuona wagonjwa, nilimkuta amekaa akiegemea mto, pumzi ikimtoka kama msumeno butu. Nikaona nisipoongea siku hiyo sitaongea tena. Nilisogeza kiti.

"Baba, ile nailoni. Ya sebuleni kwetu."

Alivuta shuka hadi kifuani.

"Ilikuwa na maji. Niliyapangusa. Nikaipiga pasi saruji, nikairudisha nailoni. Wewe hukukosea. Hukukosea hata kidogo. Ni mimi."

Mgonjwa wa kitanda cha jirani alikuwa anakoroma. Mume wangu alitazama vidole vyake.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Selotepu ilikatwa kwa mkasi. Mimi huchana kwa meno." Alivuta pumzi, akasubiri, akavuta nyingine. "Nilipoitazama pale kwenye ngazi niliona. Pande tatu zimenyooka. Upande mmoja wa kwangu."

Nilihisi kama kiti kimeondolewa chini yangu. "Kwa nini hukusema? Mtoto wako alikutukana mbele yangu. Mji mzima ulikusema."

"Halikuwa langu kulisema."

"Miaka sita?"

"Nilikuwa najiambia," akasema, "kesho ataniambia." Akafunga macho. "Kila siku, kesho ataniambia."

Nililia. Yeye hakulia. Baada ya muda akaniomba maji, nikamshikia kikombe, akanywa kidogo, akageuza uso ukutani kwa sababu alikuwa amechoka. Kengele ya kuwatoa wageni ikalia. Nilitaka kumuuliza kama amenisamehe. Neno lilikuwa limefika mdomoni. Lakini muuguzi alikuwa anatusukuma mlangoni, nami nikasema moyoni, nitamuuliza kesho.

Kesho yake asubuhi nilikuta kitanda kimetandikwa shuka safi.

Nilipotoka makaburini niliivuta ile ndoo. Nailoni ya nyumba yetu ilikuwa juu kabisa, si chini kati ya zile za nyumba za miaka hiyo, kwa hiyo alikuwa akiitoa na kuirudisha. Mwandiko wake bado unasomeka. Pande tatu zimenyooka. Upande mmoja una meno.

Karatasi hizi nimempa binti yangu azisome kabla yako wewe. Alizipokea mlangoni, hakuingia. Bado hajarudi, na simlaumu.

FUNZO

Ndugu zangu, mnaojenga na mnaotengeneza nyumba: saruji mpya huwezi kuiharakisha kwa pasi wala kwa machozi. Iacheni ikauke, mwezi au zaidi, na mkitaka kuifunika kwa mbao au vinaili, tegeni nailoni siku tatu na mtu asiiguse. Ikiwa na maji, subirini. Mgeni atakaa sebuleni kwako saa mbili, ataondoka. Atakayetembea juu ya ulichokifunika ni mama yako.

Lakini si kwa ajili ya saruji nimekaa kuandika. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi kimeniumbua mara mbili. Niliona aibu ya kiraka nikakifunika kwa uongo, uongo ukainua pembe nikaufunika kwa zulia, zulia likaua, nikafunika na hilo kwa kimya, na kimya kikammaliza mtu aliyekuwa ananisubiri jikoni kwangu. Hakuna aliyeniambia siku ya kwanza kwamba njia ni ndefu hivyo. Kumbe siku ya kwanza ilihitaji maneno manne tu: baba, nailoni ina maji. Angesema kesho, tungecheka, na wageni wangekaa juu ya saruji.

Kama kuna mtu ndani ya nyumba yako anayebeba kosa lako, usimalize kusoma. Weka karatasi hii chini, nenda ukamwambie akiwa bado anakunywa chai.

Mimi hufagia saruji yangu kila asubuhi. Ule ufa umerudi, ile dawa ya kuzibia imebanduka yenyewe. Wakati mwingine navua viatu, naufuata kwa kidole gumba, kutoka kwenye chumba chake hadi mlango wa bafu. Ni hatua kumi na mbili. Sijawahi kumpata mtu upande wa pili.